Semina ya Walimu Mbeya Kuhusu Migomo ya Wanafunzi: Inafaa Kulipiwa, Ila Suala la Viboko Lisirukwe

Kikundi kimoja cha wakufunzi wastaafu hapa jijini Mbeya kinaendesha semina ya siku moja kwa wakuu wa shule za sekondari, makamu wao na walimu wa nidhamu, na semina hiyo inashughulikia jambo moja tu, nalo ni namna shule inavyopaswa kujibu pale wanafunzi wanapotoka madarasani kwa pamoja kudai jambo fulani. Ada ni shilingi 40,000 kwa mshiriki, ikijumuisha chai, chakula cha mchana na kijitabu cha mafunzo. Nimeihudhuria nikiwa mwalimu wa nidhamu katika shule ya bweni, na ninaishauri kwa walimu wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini, ingawa kuna sehemu moja ambayo waandaaji wanalazimika kuirekebisha.

Mfano mkuu wa siku nzima umetoka Marekani, katika maandamano ya wanafunzi ya mwaka 2018 dhidi ya mauaji ya bunduki. Wakati wa chai baadhi ya washiriki walilalamika kwamba bunduki darasani si tatizo letu, na ni kweli kwamba kwetu umiliki wa silaha unabanwa na sheria ya mwaka 2015, hivyo mwalimu wa Chunya au Mbozi haamki asubuhi akiwaza risasi. Hata hivyo, naona mfano huo umechaguliwa kwa busara. Shule nyingi mno zilikabiliwa na tendo lile lile, siku ile ile na kwa muda ule ule, lakini kila moja ikajibu kwa namna yake. Ni nadra kupata nafasi ya kuona kwa uwazi kiasi hicho kile kinachosababishwa na uamuzi wa shule yenyewe, mbali na kosa la wanafunzi.

Mkufunzi alianza na tukio la tarehe 14 Februari 2018, ambapo watu 17 waliuawa kwa risasi katika shule ya sekondari ya Marjory Stoneman Douglas, mjini Parkland, jimbo la Florida. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 14 Machi saa nne asubuhi, wanafunzi katika sehemu mbalimbali za nchi hiyo walitoka madarasani kwa dakika 17, dakika moja kwa kila aliyeuawa. Huko Needville, Texas, msimamizi mkuu wa shule alikuwa ametangaza mapema kwamba atakayeshiriki atasimamishwa masomo kwa siku 3, na kwamba barua ya mzazi haitamwokoa. Kwingineko walimu waliwafungulia wanafunzi milango, wakasimama nao uwanjani kuhakikisha usalama wao, kisha wakarudi nao kwenye vipindi. Vyuo vikuu kadhaa, vikiwemo Yale na MIT, vilitangaza kuwa adhabu itokanayo na maandamano ya amani haitamharibia mwombaji nafasi yake ya kudahiliwa.

Kisa kilichochukua muda mrefu zaidi, na kwa haki kabisa, ni cha shule ya Pennridge, Pennsylvania. Wanafunzi 225 waliotoka nje walipewa adhabu ya kwenda shuleni siku ya Jumamosi. Kundi la kwanza lao lilikwenda, lakini wakajibandika vifuani majina ya waliouawa Parkland, wakaketi sakafuni huku wameshikana mikono, na adhabu yenyewe ikageuka kuwa maandamano ya pili, yaliyosikika mbali kuliko yale ya kwanza. Tulipewa kazi ya kujadili katika vikundi ni wapi uongozi wa shule ungeweza kusimama na kubadili njia kabla ya kufika hapo, na mjadala huo ulikuwa wa moto, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na shule yake kichwani.

Kipindi kilichofuata kilihusu sheria, na ndicho kilichonipa kitu cha kutumia kuanzia juma lililofuata. Mwaka 1965, wanafunzi wa Des Moines, jimbo la Iowa, walivaa vitambaa vyeusi mikononi kupinga vita vya Vietnam, wakasimamishwa masomo. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba mwanafunzi haachi uhuru wake wa kutoa maoni kwenye lango la shule, maadamu havurugi masomo. Kutokana na hilo, mkufunzi alitufundisha kipimo chepesi: fungua daftari la mahudhurio, ujiulize kama mwanafunzi aliyekosa dakika hizo hizo kwa sababu nyingine angepewa adhabu iliyo sawa. Ikiwa adhabu ya mwandamanaji ni kubwa zaidi, basi umeadhibu ujumbe wake, si utoro wake. Sheria yetu ni nyingine na hukumu ile haitufungi, lakini kipimo hicho kinafaa kila mahali palipo na daftari la makosa, na ningependa kukiona kimebandikwa katika kila ofisi ya mwalimu wa nidhamu.

Historia ya nyumbani ilipewa muda mfupi mno. Oktoba 1966, Mwalimu Nyerere aliwafukuza zaidi ya wanafunzi 300 walioandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na wengi wao walirudishwa baadaye. Lakini siku ile ile alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Aliyeadhibu ndiye aliyejibu hoja ya wanafunzi hao kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa minono mno. Kisa hicho kilistahili saa nzima.

Sasa nifike kwenye kasoro. Huko Greenbrier, Arkansas, wanafunzi watatu walioshiriki zile dakika 17 walichapwa kwa ubao, baada ya kuchagua adhabu hiyo badala ya kutengwa na darasa. Mama mmoja mwalimu kutoka Rungwe aliuliza kwa heshima kile ambacho wengi tulikuwa tukikiwaza: sisi tunaoruhusiwa kutumia viboko, tufanye nini mwanafunzi anapoandamana bila kuvunja kitu? Mkufunzi alisema muda hautoshi, akaendelea na mada nyingine. Hili haliwezi kurukwa. Kanuni zetu zinataka viboko visizidi 4, vitolewe kwa idhini ya mkuu wa shule na viandikwe, na hapa hapa Mbeya, mwaka 2016, nchi nzima iliona video ya mwanafunzi wa sekondari akipigwa kikatili na walimu waliokuwa mafunzoni. Mwalimu aliyekasirishwa na mgomo ndiye anayehitaji zaidi kuelezwa mpaka wake, na anahitaji kuelezwa kabla ya siku ya mgomo.

Jambo jingine lililonisikitisha ni kwamba hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja ukumbini, wala kiongozi wa baraza la wanafunzi, ilhali siku nzima tuliwajadili wao. Kijitabu kimetolewa kopi hafifu na kurasa kadhaa hazisomeki. Chakula kilikuwa kizuri, wali wa Kyela na maharage ya nazi, na ukumbi ulikuwa na nafasi ya kutosha, ingawa anayekuja mwezi wa Julai achukue sweta.

Kwa shule inayotaka kupeleka washiriki, ushauri wangu ni kuwalipia wawili, yaani mkuu wa shule na mwalimu wa nidhamu, kwa kuwa mmoja ndiye mwenye idhini na mwingine ndiye anayefika uwanjani kwanza. Waombe mapema, kwa maandishi, kwamba swali la yule mwalimu wa Rungwe liwekwe kwenye ratiba kabla ya chakula cha mchana.