Mche gani wa kahawa ununue: aina za arabika kwa mpangilio wa ubora

Mti wa kahawa unaotunzwa vizuri huzaa kwa miaka thelathini na zaidi, ilhali mche wake hununuliwa kwa dakika chache kitaluni, mara nyingi kwa kuangalia bei na urefu peke yake. Mwongozo huu ni kwa mkulima mdogo wa arabika, jamii ya kahawa inayopenda miinuko yenye baridi, katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania anayetaka kupanda upya au kujaza mapengo. Nimezipanga aina nikitanguliza uwezo wa mti kuhimili magonjwa, kisha ladha ya kikombe, kisha wingi wa mavuno, kwa sababu tunda lililooza mtini halina ladha wala uzito wa kupimwa kiwandani.

Ugonjwa unaoamua mpangilio huu ni chulebuni, ambao wakulima wengi wa Kenya huuita CBD. Husababishwa na kuvu aitwaye Colletotrichum kahawae, na ulitambuliwa kwa mara ya kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922. Huyashika matunda yangali mabichi, ukayatia madoa meusi yaliyobonyea, mpaka yakakauka au kupukutika. Mlipuko wa mwaka 1968, uliokuja pamoja na mvua nyingi, uliangamiza takriban nusu ya kahawa ya Kenya, na ndio uliowasukuma watafiti wa kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, Kenya, kuanza kutafuta mti unaoweza kujikinga wenyewe. Kutu ya majani, ugonjwa mwingine wa kuvu, nayo hupukutisha majani, na mti usio na majani hauwezi kulisha mazao ya msimu huu wala kuandaa matawi ya msimu ujao. Mwenye aina isiyohimili magonjwa haya hulazimika kupiga dawa mara sita au zaidi kwa mwaka, na gharama hiyo hurudi kila mwaka kwa maisha yote ya mti. Bei ya mche ni ndogo mno ikilinganishwa nayo.

Nafasi ya kwanza naigawa kwa nchi. Kwa mkulima wa Kenya ni Batian, iliyotolewa mwaka 2010 na kupewa jina la kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya, chenye mita 5,199. Ni mti mrefu, wenye punje kubwa, unaohimili chulebuni na kutu, na huanza kuzaa katika mwaka wa pili. Wengi huishuku wakisema ina damu ya robusta, jamii nyingine ya kahawa inayodharauliwa kwa ladha, na dai hilo linastahili jibu kamili. Ni kweli kwamba sehemu ya kinga yake ilitoka kwa Chotara wa Timor, mti uliozaliwa wenyewe kisiwani Timor kutokana na kukutana kwa arabika na robusta. Lakini watafiti waliurudisha uzao huo mara kwa mara kwa SL28 na SL34, arabika za zamani za Kenya zinazosifika kwa ladha, wakaingiza pia Rume Sudan, arabika ya uwanda wa Boma katika Sudan Kusini ya leo, yenye kinga ya chulebuni na sifa nzuri ya ladha. Kilichobaki cha robusta ni kidogo, na wengi wanaoilaumu Batian kwa kikombe hafifu wameionja ikiwa imevunwa pamoja na matunda mabichi, kosa ambalo lingeiharibu hata SL28. Jambo lingine linaloipandisha ni kwamba ilichaguliwa kizazi baada ya kizazi hadi cha tano, kwa hiyo mbegu yake hutoa watoto wanaofanana na mzazi, jambo linalowezesha vitalu vingi kuizalisha kwa uaminifu.

Kwa mkulima wa Tanzania, nafasi hiyo ni ya chotara zilizoboreshwa na TaCRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania yenye makao yake Lyamungo, Kilimanjaro, ambayo ilianza kuzitoa mwaka 2005. Hizi zimejengwa juu ya N39 na KP423, kahawa ambazo wazee wetu walizikuza kwa miongo mingi na ambazo soko la dunia lilizizoea kwa jina la kahawa laini ya Kilimanjaro. Miche yake huzalishwa zaidi kwa vikonyo, yaani vipande vya matawi machanga vinavyooteshwa mizizi, au kwa kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo juu ya shina la mche mwingine, hivyo kila mche wa namna hiyo ni nakala ya mama yake. Usikubali mche wa chotara hizi uliooteshwa kwa mbegu, hata ukiambiwa mbegu ilichumwa kwenye shamba bora kuliko yote kijijini. Mwenye eneo dogo aulizie zile fupi, zenye herufi F mwishoni mwa jina, kama TaCRI 6F, ambazo huruhusu kusogeza mashimo karibu zaidi.

Nafasi ya pili ni Ruiru 11. Ilitolewa mwaka 1985, na kwa muda wa kizazi kizima imewaokoa wakulima wasio na uwezo wa kununua dawa. Ufupi wake huruhusu kupanda kwa mita mbili kwa mbili, yaani miti 2,500 kwa hekta, wakati SL28 hupandwa kwa nafasi ya mita 2.74 kila upande, karibu miti 1,330. Hata hivyo naiweka chini ya Batian kwa sababu mbili. Mizizi yake haiendi chini sana, kwa hiyo kiangazi kikali huitesa, na ndiyo sababu wakulima wengi huibebesha juu ya shina la SL28 lenye mizizi mirefu. Ukiipata ikiwa imebebeshwa hivyo na fundi anayeaminika, tofauti yake na Batian hupungua sana. Sababu ya pili ni ya kibiashara: Ruiru 11 ni chotara wa kizazi cha kwanza, na mbegu yake halali hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono kwenye kituo cha utafiti. Uchavushaji huo ni wa polepole, mbegu huwa haba, na uhaba huzaa udanganyifu. Sisi nyumbani tuliwahi kununua miche mia mbili ya bei nafuu tuliyoambiwa ni Ruiru 11. Kufikia mwaka wa tatu mingine ilikuwa imerefuka kupita paa la banda, mingine ikiwa mifupi kama ilivyotarajiwa, na mvua zilipozidi, ile mirefu ndiyo iliyooza matunda kwanza. Muuzaji alikuwa ameokota mbegu chini ya miti ya Ruiru 11, na watoto wa chotara walikuwa wameachana, kila mmoja akifuata upande wa babu yake. Kuing'oa kuliumiza kuliko hasara ya fedha, kwa kuwa miaka mitatu hairudi.

Nafasi ya tatu ni SL28, na najua wapo watakaokasirika kuiona hapa. Ilichaguliwa katika maabara ya Scott huko Kabete katika miaka ya 1930, kutoka kwa kahawa iliyostahimili ukame iliyopatikana kaskazini mwa Tanganyika, na mpaka leo uchachu wake wenye utamu wa matunda ndio unaowafanya wanunuzi wa mbali waitafute kahawa ya Kenya. Inavumilia kiangazi. Haivumilii chulebuni wala kutu hata kidogo. Ninaipendekeza kwa mkulima mwenye bomba la dawa linalofanya kazi, fedha za msimu mzima, na, muhimu zaidi, mnunuzi anayelipa zaidi kwa ubora. Anayepeleka matunda kwenye kiwanda kinachochanganya kahawa ya watu wote hulipa gharama ya SL28 na kupokea bei ya mchanganyiko.

SL34 naifuatisha nyuma yake: ladha yake inakaribiana, lakini inataka miinuko mirefu yenye mvua ya kutosha, na udhaifu wake kwa magonjwa ni uleule. Ukiambiwa mche ni SL28, tazama majani machanga ya juu. Ya SL28 huwa ya kijani, na ya SL34 huwa ya rangi ya shaba iliyokolea. K7, aina nyingine ya zamani ya Kenya, inafaa maeneo ya chini zaidi na kikombe chake ni cha kawaida. N39 na KP423 za zamani sina sababu ya kuzipanda upya, maadamu warithi wao wenye kinga wapo.

Nafasi ya mwisho ni mche usiojulikana asili yake, unaouzwa gulioni au kupewa na jirani. Hata ukiwa bure, usiuchukue.

Ukishaamua aina, nenda kwenye kitalu kilichosajiliwa, uulize mbegu au vikonyo vilitoka wapi, na udai stakabadhi iliyoandikwa jina la aina. Chagua mche wenye angalau jozi sita za majani, shina lililonyooka, na uliokwisha kuzoeshwa jua, kwani ule unaotolewa kivulini moja kwa moja huungua shambani. Kisha omba kupasua kiriba kimoja, yaani mfuko uliooteshewa mche: mzizi mkuu wa mche wa mbegu uwe umeshuka wima. Ukiwa umejipinda chini kama ndoano, mti utazaa vizuri kwa miaka miwili mitatu kisha uanze kunyauka kila kiangazi. Muuzaji mwaminifu hakatai kupoteza mche mmoja kwa ajili hiyo. Agiza miezi kadhaa kabla ya mvua za masika, uongeze mche mmoja kwa kila kumi kwa ajili ya kujaziliza, na ukipanda aina mbili, zitenge kwa mistari na uweke alama, ili msimu wa dawa ujue ni miti ipi ya kupiga na ipi ya kuacha.