Tathmini: shimesikio la nyuma ya sikio na huduma inayoambatana nalo

Kifaa chenyewe ni kizuri, lakini anayekinunua akidhani kuwa amenunua na uelewa wa mazungumzo atakitia kabatini kabla pakiti ya kwanza ya betri haijaisha. Hiyo ndiyo hukumu yangu kuhusu shimesikio (kifaa cha kumsaidia mtu kusikia) la kidijitali alilopatiwa mama yangu, mwalimu mstaafu anayeishi Tanga, katika kliniki moja ya usikivu jijini Dar es Salaam. Na sehemu kubwa ya sifa nitakazozitoa hapa inamwendea mtaalamu aliyelirekebisha kuliko kiwanda kilicholitengeneza.

Mama hakuwa kiziwi. Hodi aliisikia, adhana aliisikia, hata mtu akizungumza chumba cha pili alijua kwamba kuna mtu; kilichomshinda ni kujua anaambiwa nini. Upungufu wa usikivu unaoletwa na umri huanza na sauti nyembamba, ambako ndiko ziliko konsonanti kama s, f na sh, huku irabu, ambazo ni nzito na zina nguvu zaidi, zikibaki. Ukimtajia "sita" na ukimtajia "tisa", yote mawili humfikia kama i na a, na katika nyumba inayotuma na kupokea fedha kwa simu tofauti hiyo si ndogo. Kumpigia kelele hakusaidii, kwa kuwa anayepiga kelele hukuza irabu na kuzifunika zile konsonanti zinazotafutwa. Kwa sababu hiyohiyo simshauri mtu kununua vikuza sauti vya bei nafuu vinavyouzwa bila kipimo chochote, maana hivyo hukuza mngurumo wa feni sawasawa na neno la mjukuu.

Kipimo kilifanyika katika chumba kisichopitisha sauti, kila sikio peke yake, kuanzia sauti nzito ya hezi 250 hadi nyembamba ya hezi 8,000. Hadi hapo hakuna la ajabu. Kilichonivutia ni kwamba mtaalamu yule, baada ya kumwamkia, alivuta kiti akakaa mbele yake na kumwuliza ni nani anayemshinda zaidi kumwelewa na wakiwa mahali gani, naye mjukuu aliyetaka kujibu kwa niaba yake akaombwa kwa upole anyamaze. Kisha aliziba mdomo wake kwa karatasi na kumtajia maneno mafupi mafupi ayarudie. Mama alikosa mengi, na hapo ndipo tulipoelezwa kwamba ubongo uliokaa miaka bila sauti fulani hauzitambui siku zinaporudishwa. Unazipokea kama kelele mpaka uzoee upya.

Ndivyo ilivyokuwa. Wiki za mwanzo mama alilalamikia mfuko wa plastiki, kijiko kikigonga sufuria na mvua juu ya bati, wala si maneno. Kifaa kilikuwa kimewekewa nguvu ya chini kwa makusudi, na kila tulipokirudisha kiliunganishwa na kompyuta na kuongezwa kidogo. Pamoja na hayo alipewa kazi ya nyumbani: mjukuu amsomee gazeti kwa sauti ya kawaida, redio ikiwa imezimwa, naye afuatilie maandishi kwa macho, na baadaye asikilize bila kuyaangalia. Zoezi hili naliweka juu ya kifaa chenyewe. Hata waliopandikizwa vifaa vya usikivu kwa upasuaji, huduma ambayo Hospitali ya Taifa Muhimbili iliianza mwaka 2017, huhitaji mafunzo ya kusikiliza baada ya hapo, kwa kuwa upasuaji huleta sauti tu. Sisi wanafamilia nasi tulipewa masharti yetu: kumkabili usoni, penye mwanga, tusimwite kutoka jikoni.

Kasoro zipo. Mtandio ukiligusa, shimesikio hupiga mluzi, na kwa mwanamke anayejitanda kutwa nzima hilo ni kero ya kila siku ambayo, nadhani, watengenezaji hawakuifikiria. Ndani ya bajaji upepo unapiga kwenye maikrofoni na mazungumzo yanaishia hapo. Joto la pwani hujaza matone ndani ya mpira unaopeleka sauti sikioni, hivyo kila usiku kifaa lazima kilale katika kopo lenye vidonge vya kunyonya unyevu. Betri zake, namba 13 zenye kibandiko cha rangi ya chungwa, hufanya kazi kwa hewa: ukishabandua kibandiko zinaanza kuisha hata usipozitumia, na Tanga si kila duka la dawa linazo. Maelekezo ndani ya boksi yalikuwa ya Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya, Kiswahili hakimo.

Kwa mwenye mzee anayesema "nawasikia ila siwaelewi", ninaipendekeza huduma ya aina hii, kwa sharti moja. Kabla ya kulipa, uliza kama bei inajumuisha kurudi kurekebishiwa katika miezi ya mwanzo. Ukijibiwa kwamba kila kurudi ni malipo mapya, tafuta pengine, hata kama kifaa chao ni cha kisasa zaidi.