Visu vya kukunja vya kuhifadhi: anza na vinavyojitaja vyenyewe

Kabla hujashangaa mpini, fungua bapa na utazame shingo yake, pale pasiponolewa, chuma kinapoingia mpinini. Mihuri ya kiwanda iko hapo, na bei iko hapo. Mpini unaweza kuwa umebandikwa wiki iliyopita. Beba lenzi ya kukuza mara 10, sumaku ndogo na tochi. Tumevipanga kwa kuangalia jambo moja: kisu chenyewe kinasema nini muuzaji akinyamaza.

1. Kisu cha askari wa Uswisi, modeli ya 1961

Kwa anayeanza, hiki. Kikifungwa kina milimita 93, mpini ni alumini yenye vinundu vidogo, na mwaka umepigwa shingoni kwa tarakimu mbili: 74 ni 1974. Victorinox na Wenger walikitengeneza hadi 2008. Watu huuziwa Pioneer, ndugu yake wa kiraia, wakidhani ni cha jeshi. Pioneer ina pete ya funguo na haina mwaka. Cha askari kina mwaka na hakina pete.

2. Case, kiwanda cha Bradford, Pennsylvania, Marekani

Hapa kuna utamu zaidi, na mitego zaidi. Kuanzia 1965 hadi 1969 muhuri ulisema CASE XX na U.S.A. chini yake. Mwaka 1970 ziliongezwa nukta 10, kisha kila mwaka ikaondolewa moja: nukta 6 ni 1974, nukta 1 ni 1979. Mwaka 1980 wakarudi kwenye 10, ila herufi S ikachorwa kama radi. Ukihesabu nukta bila kutazama hiyo S, unakosea miaka 10.

Kisha soma namba ya modeli iliyopigwa shingoni. Katika 5254, tarakimu ya 5 ni mpini wa pembe ya kulungu, 2 ni idadi ya mabapa, 54 ni umbo, linaloitwa Trapper. Namba ikianza na 3, mpini ni plastiki ya njano. Kwa hiyo 5254 yenye mpini wa plastiki imebadilishwa mpini, hata kama kazi ni safi.

Adui mkubwa ni mashine ya kung'arisha. Inafuta nukta, inaviringisha kona za herufi, na inauzwa kama usafi. Tunapendelea bapa la kijivu lenye madoa, ila kingo zake zote zipo, kuliko linalong'aa kama kijiko. Vilevile funga kisu: ncha ikichungulia nje ya mpini, ama imenolewa vibaya ama kisigino cha bapa kimesagika.

Mpini wa mfupa una vitundu vidogo vya kahawia, utaviona kwa lenzi, plastiki haina. Seluloidi, plastiki ya zamani, isugue kwa kidole gumba mpaka ipate joto, kisha nusa: kafuri, ileile ya sandani. Mvuke wake hula chuma, kwa hiyo kutu iliyokusanyika kwenye sehemu inayolala ndani ya mpini ni dalili mbaya. Kihifadhi mbali na vingine. Jaribio la sindano ya moto liache kabisa, seluloidi hushika moto upesi.

3. Kisu cha matunda cha fedha, Sheffield

Bapa ni la fedha kwa sababu asidi ya matunda huchafua chuma. Tafuta simba anayetembea, maana yake fedha ya 925, pamoja na taji, alama ya Sheffield hadi 1974. Herufi EPNS ni maji ya fedha tu juu ya metali nyingine. Sumaku isinase bapa. Ikinasa springi ya mgongoni, usishtuke, ile ni chuma. Mipini mingi ni gamba la chaza: gusisha shavuni, hukaa baridi. Kagua nyufa kwenye pini.

Mpini ukiwa mweupe wenye mistari inayokatizana kwenye ncha, huenda ni pembe ya ndovu. Usinunue. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kuanzia 1990, na Kenya au Tanzania kukutwa nayo tu ni kesi.

4. Opinel, kisu cha Kifaransa chenye mpini wa mti

Bei nafuu, thamani ndogo, raha nyingi. Pete ya kufunga bapa iliingia 1955, hivyo saizi namba 8 isiyo na nafasi ya pete ni ya kabla ya hapo. Mpini ni wa mti unaokunywa maji; Mombasa au Unguja huvimba na bapa hugoma kutoka. Kianike kivulini, usikivute kwa koleo.

5. "Damaski" na Laguiole zisizo na jina la fundi

Laguiole ni mtindo, kila mtu anautumia. Nyuki wa mgongoni hathibitishi chochote. Damaski, yaani chuma cha tabaka zilizofuliwa pamoja chenye mawimbi, itazame kwenye mgongo wa bapa: mawimbi ya kweli hupita upande mmoja hadi wa pili. Yakiishia ukingoni na mgongo ukawa mtupu, yamechorwa kwa asidi juu juu, na msasa laini utayafuta.