Fruits Basket: niliuziwa nusu ya hadithi, nusu nyingine nikamaliziwa bure

Mimi si mtu wa kulipia katuni. Fruits Basket ndiyo iliyonivunjia mwiko, na kinyongo bado ninacho. Si nayo, ni na yule dogo wa duka la kuingiza muvi.

Ilikuwa kipindi cha mvua, mwaka juzi hivi. Nilimpa flashi, nikamuuliza mara mbili: "Ni nzima hii?" Akaapa. Nikajifungia ndani siku mbili na Tohru, binti yatima aliyekuwa akilala kwenye hema, mpaka akapokewa na watu wa ukoo wa Sohma. Baadhi yao wana laana: akikumbatiwa na mtu wa jinsia nyingine, anageuka mnyama. Kuna panya, kuna nguruwe pori, na kuna paka ambaye panya alimdanganya siku ya karamu, kama ngano za bibi, ila hapa mjanja si sungura. Wakirudi kuwa watu, wanarudi uchi. Mama alipita sebuleni sekunde hiyo hiyo. Nilikosa maelezo.

Karibu na mwisho Kyo, yule wa laana ya paka, anavuliwa shanga za mkononi, anageuka dude linalonuka, na Tohru anamkimbilia hivyo hivyo. Nililia mpaka kamasi. Kisha kipande cha 26, pap, imekwisha. Laana je? Penzi je? Kimya.

Nikarudi dukani. Dogo hata kichwa hakuinua: "Sista, hiyo ya 2001, vitabu ilikotolewa vilikuwa havijaisha. Mpya ina vipande 63."

Basi nirudishie hela yangu.

"Hela ya nini, si umeangalia?" Halafu, wateja wote wakisikia: "Au hata hujui kwamba Akito, yule mkuu wa ukoo wa Sohma, ni mwanamke?"

Wallahi nilitamani ile flashi iwe jiwe. Ile ya 2001 inamwonyesha Akito mwanamume mwanzo mwisho. Natsuki Takaya, mwandishi wa vitabu hivyo, ameitunza siri hiyo juzuu kwa juzuu, na zipo 23, halafu mtu anaimwaga kaunta kama maji ya kuoshea vyombo!

Nilikuja hapa kuandika kwamba ya zamani msiiguse. Lakini wimbo wake wa mwanzo, wa marehemu Ritsuko Okazaki, mpaka leo unanikaba koo, na ile mpya ya 2019 hadi 2021 haina kitu cha namna hiyo. Ila mpya inafika mwisho, na inafika vizuri. Kila Akito alipofoka nilimwona mtu aliyenyimwa kuwa yeye. Pengine nisingeyaona hayo nisingeharibiwa utamu. Hapana, sitaki kumpa dogo sifa hiyo.

Mpya nyota tano. Ya zamani tatu... nne, kwa ajili ya wimbo. Duka, sifuri.

Juzi nimepita pale, akaniuliza kama nilimalizia zile 63. Nikamwambia sijui anaongelea nini.