Redio ya Android kwenye Toyota IST yangu: muziki safi, ila inaiba macho

Redio iliyokuja na gari kutoka Japani ilikuwa ya Kijapani mwanzo mwisho, na FM yake iliishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi za Dar hazikushika. Nikaenda Kariakoo nikafungiwa redio ya Android, skrini ya inchi 9. Chapa siitaji. Hizi nyingi ni zilezile, wanabadilisha stika tu.

Sauti yake nzito na safi, sina ubishi. Ramani inasomeka vizuri, na kamera ya nyuma ni mkombozi ukitoa gari kwenye vichochoro vya Kariakoo, mkokoteni huku, mama na ndoo kule.

Kinachonikera ni kuongeza na kupunguza sauti. Redio ya zamani ilikuwa na batani ya kuzungusha, mkono unaifuata wenyewe huku macho yako mbele. Hii ina alama ndogo zilizochorwa pembeni ya kioo, bapa kabisa, kidole hakihisi kitu. Ukipita kwenye tuta unagusa ya "nyumbani" badala ya sauti, ramani inatoweka, unaanza kuitafuta. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari inakata karibu mita 17 kila sekunde. Barabara ya Bagamoyo jioni, ndani ya mita hizo bodaboda ashajipenyeza mbele yako.

Na si mafundi wetu wala redio za bei chee tu. Mwaka 2022 jarida la Uswidi, Vi Bilägare, liliwapa madereva kazi chache za kufanya kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Kwenye Volvo V70 ya 2005, yenye batani za kawaida, zilikwisha kwa sekunde 10. Kwenye MG Marvel R, gari mpya ya skrini, zilichukua karibu sekunde 45! Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, kuanzia 2026 wanataka indiketa, wipa, honi na hazadi ziwe na batani au swichi halisi. Sauti ya redio hawakuiweka. Wangeiweka.

Ukiamua kununua, msimamie fundi kwenye nyaya. Waya wa taa uunganishwe, ili ukiwasha taa usiku skrini ipunguze mwanga. Bila huo kioo kinakupiga machoni njia nzima. Waya za batani za usukani nazo ziunganishwe, maana hapo ndipo utarudishiwa sauti kwenye kidole gumba. Kama usukani wako hauna batani, zipo za kufunga juu yake. Waya wa breki ya mkono ndio mafundi wengi wanaupeleka moja kwa moja kwenye bodi ili video ionekane gari ikitembea. Wangu nilikataa, fundi akacheka.

Nyota tatu kati ya tano. Ukiikuta yenye batani ya kuzungusha, ongeza hela uchukue hiyo.