Jedwali la ulinzi au beki mwenyewe?

Jumapili ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, imekaribia, na kikosi chako cha fantasi, yaani timu ya kubuni inayopata pointi kwa wanachofanya wachezaji halisi, kimebaki na nafasi moja ya mpokeaji, mdakaji wa pasi. Wengi hukimbilia jedwali la pointi ambazo kila ulinzi huwaruhusu wapokeaji. Ni la haraka, sikatai, ila Septemba, msimu ukiwa mchanga, linadanganya. Timu iliyokutana na warushaji watatu hatari mfululizo itaonekana uchochoro, na inayopitwa kirahisi kwa mbio itaonekana ngome, kwa kuwa hakuna anayehangaika kurusha.

Njia ya pili ni kuuliza nani atamkaba nani. Inakula muda, lakini ndiyo ninayoiamini. Patrick Surtain II wa Denver, mchezaji bora wa ulinzi msimu wa 2024, hucheza zaidi pembeni, hivyo mpokeaji anayeanzia ndani, karibu na katikati ya uwanja, mara nyingi humkwepa. Cooper Kupp, aliyedaka pasi 145 kwa yadi 1,947 mwaka 2021, alianzia sana huko ndani.

Nyota, hata hivyo, hakai benchi kwa kuogopa jina la beki. Kwenye ligi ya pointi 1 kwa kila pasi, pasi 6 za jumla ya yadi 80 ni pointi 14 (6 za pasi, 8 za yadi), tachidauni, yaani kufunga kwa kufikisha mpira mwisho wa uwanja, bado. Hesabu za nani atamkaba nani nazifanya nikikwama kati ya wawili wa kariba moja tu.