Tulivyokwenda kutazama pomboo Kizimkazi, familia ya mwisho wa reli

Baba yangu alivua dagaa pale Ujiji mpaka mgongo ukamshinda, na mimi nimekulia mitumbwini. Boti hainitishi, na ninajua nahodha mzuri nikimwona. Naandika haya kwa wenzangu wa Kigoma wanaofikiria kupeleka watoto Zanzibar.

Tulisafiri likizo ya Juni: mimi, Baba Rehema, mama mkwe wangu, Rehema wa miaka 11 na Idrisa wa miaka 6. Treni zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar, boti hadi Unguja, halafu gari hadi Kizimkazi, kusini mwa kisiwa. Chanzo ni Idrisa. Aliona picha ya pomboo kwenye kalenda ya dukani akauliza mbona ziwa letu halina. Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400, lina migebuka, kuhe, sangala, hata viboko na mamba, ila pomboo tulionao Tanzania ni wa baharini.

Tulipofika ufukweni tu, Idrisa alichota maji kwa kiganja akanywa, kama anavyofanya Kibirizi, ufukweni kwetu ziwani. Akayatema, akanitazama kama nimemdanganya. Kesho yake asubuhi tukakuta bahari imerudi nyuma kabisa, boti zimelala mchangani, na bibi yake akauliza kwa sauti ya chini, "Maji yamekwenda wapi?" Ziwani kwetu hakuna kupwa na kujaa. Kwa hiyo jambo la kwanza: kabla hujapatana na mtu, uliza maji yanajaa saa ngapi. Sisi tulitembea mwendo mrefu na bibi yao juu ya mawe yenye utelezi, na ilituumiza roho kumwona anavyohangaika.

Boti ya siku ya kwanza siitaji, lakini haikunifurahisha. Jaketi okozi zilikuwa nne kwa watu watano, na hakuna hata moja ya kumtosha mtoto. Nikakataa kupanda mpaka zikaletwa nyingine. Tulipowafikia pomboo, boti kama nane zilikuwa zimeshawazunguka, injini zinanguruma, kila moja inataka kutangulia mbele yao. Wageni wanarukia maji, pomboo wanazama, boti zinakimbilia walikoibukia. Rehema akasema, "Mama, wanawafukuza." Moshi wa petroli ulimtapisha Idrisa. Tukarudi ufukweni bila furaha.

Jioni Baba Rehema alikaa na wavuvi wakazungumza mambo ya nyavu, karabai na dagaa, na hapo ndipo tulipompata mzee mmoja aliyetuambia tuje alfajiri, boti za wageni hazijatoka. Tulipatana bei ya boti nzima badala ya kuhesabiwa vichwa, na kwa familia ya watu watano iliyofika na watoto wawili hiyo ni nafuu kubwa. Jaketi zilitosha, za watoto zikiwemo. Upepo wa kusi ulikuwa bado haujaamka. Kufikia saa tano ulikuwa mkali, na mawimbi yake ni mafupi kuliko ya kwetu, yanapiga boti ubavuni.

Mzee alizima mashine mbali. Tukakaa. Hiyo ndiyo subira ninayoijua tangu utotoni, ya kusubiri dagaa wakusanyike kwenye taa. Halafu tukasikia pumzi, phuu, kabla hatujaona kitu. Wakapita sita, mmoja na mtoto wake amemganda ubavuni. Mzee akawaeleza wanangu kwamba pomboo si samaki. Ananyonyesha, na lazima apande juu avute hewa. Hata akilala, nusu ya ubongo inalala na nusu iko macho. "Sasa mama huyu mkimkimbiza," alimwambia Rehema, "atapumzika saa ngapi, atanyonyesha saa ngapi?" Rehema hakujibu. Aliendelea kutazama mpaka walipotuacha wenyewe, na mama mkwe wangu, ambaye hapendi kelele za sifa, akasema Subhanallah mara tatu.

Hatukuingia majini, na sikuona hasara yoyote. Nakushauri usikubali mtu akuambie kwamba bila kuogelea nao hujafaidi.

Chakula kilikuwa cha kawaida, wali na pweza. Pweza ni mtamu, ingawa Idrisa aliulizia mgebuka siku zote tatu. Lakini msiondoke bila kufika Msikiti wa Dimbani, msikiti wa kale wa hapo Kizimkazi. Kwenye kibla kuna maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Tuliswali adhuhuri humo, na Baba Rehema alikaa muda mrefu akiyatazama yale mawe.

Nitarudi? Ndiyo, kwa mzee yule, na alfajiri. Kabla ya kutoa hata shilingi muulize nahodha maswali mawili: jaketi za watoto ziko wapi, nizione, na ukiwaona pomboo, unazima mashine umbali gani? Akianza kucheka, tafuta mwingine.

Juzi Idrisa alimweleza babu yake hapa Ujiji habari zote hizo. Babu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: hao pomboo wanakula dagaa kiasi gani?